Sungura Aliyekatwa Sikio

Watu huja kwangu na matumaini, na kazi yangu ni kuyazima. Wanapanda ngazi za ghorofa tatu wakihema, wanaweka bahasha juu ya kitambaa cheusi cha meza yangu, kisha wananikazia macho usoni badala ya kuitazama hiyo stempu waliyoileta. Wengi huondoka wamenuna. Nimeshaitwa mchawi, nimeshaitwa mkavu wa roho, na dalali mmoja aliwahi kuniambia kwamba siku nikifa stempu zote za bandia zitafanya sherehe. Jina nililobaki nalo ni Bi Lenzi. Hilo sikulikataa, maana lenzi yenyewe imening'inia shingoni miaka thelathini na mitano na imeniachia alama kifuani.

Sikagui stempu za serikali. Hizo zina vitabu vyake na wataalamu wake wenye tai. Mimi nakagua za posta za watu binafsi, zile huduma ndogondogo zilizozuka pale posta kubwa iliposhindwa kufika: mwenye lori aliyebeba barua za machimboni, mwenye duka la dawa aliyevusha barua mtoni, chama cha wenye punda. Walichapa stempu zao wenyewe, wakafanya kazi mwaka mmoja au miezi mitatu, wakafilisika. Kwa kuwa zilichapwa chache, leo zinatafutwa kwa tochi. Na kwa kuwa zilichapwa ovyo, kila mwenye mashine ya kuchapia kadi za harusi anadhani anaweza kuzighushi.

Inayotafutwa kuliko zote ni sungura wa Mguu Mwepesi, na kwa sungura hakuna anayeweza kunidanganya, kwa sababu nilikuwepo alipozaliwa.

Mwaka ule wafanyakazi wa posta waligoma siku arobaini na sita. Fundi baiskeli mmoja, tuliyemwita Spoku kwa wembamba wake, alikusanya wenzake kumi na wawili wenye baiskeli, akaelewana na makondakta wa mabasi ya miji mitano, akatangaza kwamba barua zitakwenda, mgomo au hakuna mgomo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza masomo ya ukarani, na kazi sina. Akaniajiri. Nilikuwa karani, nilikuwa mpika gundi ya unga wa ngano, na nilikuwa mtoboaji, kwa maana vile vitundu vya pembeni mwa stempu tulivitoboa kwa cherehani ya mkewe, sindano ikiwa haina uzi. Picha alichora mwenyewe: sungura anakimbia, bahasha mdomoni, masikio yamesimama mpaka kona ya juu kulia. Chini yake alitaka iandikwe IMELIPWA.

"Bosi," nikamwambia, "kibarua ndiye hulipwa. Barua hulipiwa."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema haya, msomi, andika unavyotaka. Ikaandikwa IMELIPIWA. Waghushi wa siku hizi hawana sarufi. Wanaandika IMELIPWA, na mimi nawarudishia kitu chao kabla hata sijavaa miwani.

Ipo siri moja ambayo sijawahi kuiandika popote, kwa sababu siku nitakayoiandika waghushi nao wataisoma. Tarishi wetu alipokabidhi barua mkononi, alitoa mkasi na kukata kona ya juu kulia ya stempu, pale penye ncha ya sikio la sungura. Mpokeaji aliandika jina lake kwenye daftari, na kile kipande kikabandikwa kando ya jina. Tuliita kukata sikio. Barua iliyokatwa sikio imefika. Yenye masikio kamili haikufika, ilirudi au ilipotea. Wakusanyaji hawalijui hilo. Wanagombea masikio kamili, na waliokatwa wanawaita wabovu. Spoku alipofariki mjane wake alitaka kuwashia jiko madaftari yale manne, nikamwomba, nikayachukua. Yako kabatini mwangu hadi leo.

Jumatatu moja asubuhi alikuja mpishi mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini hivi, mnene kidogo, mikono imejaa makovu madogo ya mafuta ya moto. Baadaye aliniambia alipika katika shule ya bweni miaka thelathini na mitatu, na mimi nilikuwa nimeshakisia jiko, ila nilikisia hoteli. Alisimama mlangoni mpaka pumzi zikamrudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Mkoba usiuweke mezani."

Akauweka mapajani. Akatoa bahasha iliyobanwa katikati ya vipande viwili vya boksi, akaishika bila kunipa.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayezijua za bandia."

"Nazijua za bandia na za kweli. Ni elimu hiyo hiyo."

"Basi mimi nataka uniandikie kwamba hii ni ya bandia."

Miaka thelathini na mitano! Nimeletewa machozi, nimeletewa vitisho, nimeletewa kuku wawili hai katika kikapu, vyote ili ya bandia niiite ya kweli. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi zile kuniomba niiue ya kwake mwenyewe. Nilikasirika, na mimi nikikasirika husema kwanza, kufikiri baadaye.

"Mdogo wangu, hapa si jikoni kwako. Huku hakuagizwi chakula."

Hakuchukia. Alitikisa kichwa polepole, kama aliyezoea kukaripiwa na wakubwa, akaanza kunieleza.

Baba yake alifariki miezi miwili iliyopita. Alikuwa amepooza upande mmoja kwa miaka tisa, na yeye ndiye aliyekuwa akimwosha, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko. Hakuolewa, hana mtoto. Ana kaka mmoja tu, amemzidi miaka minne, karani wa mahakama mstaafu. Baada ya mazishi kaka alifungua sanduku la bati la baba kutafuta hati, akaikuta bahasha hii, haijafunguliwa. Akaikata kwa kisu ubavuni, akasoma.

"Mama alikwenda kumuuguza bibi," alisema. "Waliagana vibaya na baba, kulikuwa na maneno. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ndiyo kipindi cha ule mgomo. Kila tulipomuuliza baba, anasema mama yenu hajaandika. Hajaandika, hajaandika. Halafu siku moja akaja mjomba, akasema tumeshamzika."

"Na barua inasemaje?"

Akanipa. Nimesoma barua nyingi za wafu katika kazi hii, na kwa kawaida siangalii maneno, naangalia wino. Hii niliisoma yote, kwa sababu ilikuwa fupi na kwa sababu mwandiko ulikuwa unateremka kila mstari, wa mtu aliyeandika amelala.

*Baba watoto, yale maneno niliyoondoka nayo nisamehe. Homa imenishika na hainiachii. Njoo na watoto, hata kama bado una hasira, wewe njoo tu. Sitaki wanisahau sura. Nipo wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja. Mwambie mdogo nimemshonea gauni ila mikono bado.*

"Mikono bado?"

"Mikono ya gauni," alisema mpishi. "Alikuwa hajaishona."

Nikaikunja barua, nikairudisha ndani ya bahasha.

"Tarehe ya barua na siku aliyokufa mama zimepishana siku kumi na tisa," akaendelea. "Sasa kaka anasema baba aliipata, na kwa hasira zake hata kuifungua hakutaka, akamwacha mwenzake afe peke yake. Picha ya baba ameigeuza ukutani. Kaburini hajakanyaga tangu siku ile. Nami hanisemeshi, kwa sababu namtetea. Dalali mmoja nilimwonyesha akasema stempu yenyewe mbovu, kona haina, labda hata ni ya kughushi. Ndipo nikasema, Mungu wangu, kumbe yawezekana. Kaka ni mtu wa karatasi. Maneno ya mdomo haamini, anaamini muhuri. Ukiandika kwamba ni ya bandia, yameisha."

Nilimwambia lile ambalo lazima mtu angemwambia. "Stempu ikiwa ya bandia, na barua ni ya bandia. Maana yake mama yenu hakuandika kweli. Hakuomba msamaha, hakushona gauni."

"Najua."

"Umelifikiria?"

"Mama nilimkosa nina miaka saba, nimezoea. Lakini baba nimemwosha miaka tisa kwa mikono hii." Akaitazama kana kwamba ndiyo iliyozungumza. "Siwezi kukaa nikaona anatukanwa kaburini kwa kosa lisilo lake. Na kaka ndiye ndugu niliyebaki naye. Akinikataa huyo, mimi ni nani tena?"

Nilimwambia kwamba sijawahi kuandika cheti cha uongo na sina nia ya kuanza uzeeni. Nikampa fomu akaandika jina lake na namba ya nyumba waliyokuwa wakiishi wakati ule, nikamwambia arudi Alhamisi. Alishukuru sana. Waliotaka kuambiwa ukweli hawajawahi kunishukuru hivyo.

Jumanne nilifunga mlango, nikavuta pazia la upande wa jua, nikaanza kazi.

Sungura alikuwa wetu. Sikuhitaji hata dakika tano. IMELIPIWA yenyewe, wino wa zambarau ulioingia kwenye karatasi ya jalada la daftari la shule. Sindano ya ile cherehani ilikuwa imepinda, kila baada ya vitundu tisa kimoja kinatoka nje ya mstari, na hapa nilikiona kikiwa nje ya mstari. Chembe za unga wa ngano zilikuwepo ukingoni. Mkewe Spoku alikuwa hachekechi vizuri. Nilipoligusa ganda lile la gundi kwa ncha ya kibano niliikumbuka sufuria niliyoipikia na harufu yake, nikajisikia mzee.

Muhuri ulisema siku ya ishirini na tatu ya mgomo. Ulimi wa bahasha ulikuwa bado umeshika gundi yake ya kwanza, haujawahi kuinuliwa. Ubavuni palikuwa na mkato wa kisu, mweupe na mpya, wa yule kaka. Kwa hiyo baba hakuisoma, hilo halikuwa na ubishi. Lakini sikio la sungura lilikuwa limekatwa. Limekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka, wala si kuchakaa kama alivyodhani dalali. Barua ilikuwa imefika nyumbani kwao ikapokelewa kwa mkono.

Nilisonya. Nilimsonya yule marehemu ambaye sikumjua. Nikasema, mzee, kumbe kweli uliipokea ukaitupa sandukuni, na mwanao anakuosha miaka tisa.

Nikatoa daftari la tatu. Siku ya ishirini na nne, hakuna. Siku ya ishirini na tano, ukurasa wa kulia, namba ya nyumba ndiyo hiyo. Kipande cha sikio kilikuwa bado kimebandikwa pale pale, kimegeuka rangi ya chai. Nikaisogeza bahasha, nikaweka stempu kando yake, nikainama na lenzi. Vilikutana bila pengo, na kitundu kilichoruka mstari upande mmoja kikapata mwenzake upande wa pili.

Kisha nikatazama jina la mpokeaji.

Halikuwa jina. Zilikuwa herufi tatu za kalamu ya risasi, kubwa kubwa, zimepanda juu ya mstari, na ya tatu imeandikwa kinyumenyume. Nilichukua fomu ya Jumatatu. Zilikuwa herufi tatu za kwanza za jina la mpishi.

Na kando ya zile herufi palikuwa na alama ya vema, ya wino mwekundu. Hiyo ilikuwa yangu.

Kanuni ya Spoku ilikuwa moja, ameibandika ukutani: mkabidhi mtu mzima wa nyumba hiyo. Kila jioni matarishi walipoleta madaftari, kazi yangu ilikuwa kupitia majina moja moja. Penye shaka, kesho yake tarishi anarudishwa mpaka mlangoni kuuliza kama wakubwa wameipata barua. Ndiyo maana nilikuwa na wino mwekundu. Niliiona ile herufi iliyogeuka, maana asiye kipofu lazima aione, nikaweka vema, nikafungua ukurasa mwingine. Ningependa kusema naikumbuka jioni ile. Siikumbuki kabisa. Labda nilikuwa na njaa. Labda tarishi mmoja alikuwa ananichekea na mimi nilikuwa msichana. Nimejenga jina langu lote juu ya umakini wa macho yangu, nikawadhalilisha watu wazima kwa kitundu kimoja, na kumbe nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilitia vema pale ambapo mtu alikuwa amelala kitanda cha kumi na moja akisubiri.

Nililia. Niliinuka nikanawa uso, nikarudi kukaa, nikalia tena. Siku hiyo sikufungua mlango kwa mtu yeyote.

Jumatano nilifikiri. Nikiandika bandia, nimempa baba yake na nimemnyang'anya mama yake. Nikiandika kweli, nikaishia hapo, nimempa mama na nimempa kaka rungu la kumpiga marehemu. Na nikiandika kweli yote, baba ametakasika na mama amependa, ila mzigo mzima nimeutua juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba, ambaye sasa ana miaka hamsini na tisa na magoti mabovu na hana mtu. Nimekuwa nikiwaambia waghushi kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikaingiza karatasi yenye nembo kwenye taipureta, nikaanza kutafuta njia ndefu.

Niliandika kwamba stempu ni halisi, ya Mguu Mwepesi, na bahasha na barua ni za wakati huo bila shaka yoyote. Hadi hapo ni kweli tupu. Kisha nikaandika kwamba kona ya juu kulia imekatika kwa uchakavu, kwamba hakuna kumbukumbu ya kukabidhiwa, na kwamba barua hii ni miongoni mwa zile zilizosalia mgomo ulipokwisha, ambazo zilisambazwa miezi minne baadaye kwa kusukumwa chini ya milango. Hazikusambazwa kamwe. Zilizosalia alizichukua mwenye nyumba tuliyopanga, pamoja na makreti tuliyozitilia. Nikagonga muhuri wangu, nikatia saini bila kusita, jambo lililonishangaza.

Alhamisi alikuja mapema. Alivaa vizuri kidogo kuliko Jumatatu, kitambaa kipya kichwani. Nikampa cheti, akakisoma taratibu huku midomo ikichezacheza, akarudi juu, akakisoma tena.

"Kwa hiyo mama aliandika," alisema.

"Aliandika."

"Na baba aliletewa wakati mama ameshazikwa."

"Miezi minne baadaye. Chini ya mlango."

"Ndiyo maana hakuifungua."

"Wewe ungeweza?" nikamuuliza. "Mwenzako ameshalala kaburini, unaokota barua yake mlangoni. Nani angeweza kuifungua? Aliiweka mahali pa hati zake. Mwambie kaka yako hivyo."

Alikikunja cheti mara mbili, akakitia katika bahasha safi aliyokuja nayo, akaitia mkobani, akafunga zipu. Nilidhani atainuka. Nilitaka ainuke, maana mwongo mchanga hapendi kutazamwa sana. Hakuinuka.

"Kaka atakubali," alisema. "Muhuri wako mkubwa. Leo leo nitampelekea, na kesho nitamshika mkono twende kaburini. Asante, mama. Mungu akuzidishie." Kisha akasema, "Lakini hukuniuliza ilikuwa wapi ndani ya sanduku."

"Kwani ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kitabu changu cha kusomea cha darasa la kwanza. Baba alikitunza miaka yote, na viatu vyangu vya mwanzo. Vyangu na vya kaka. Kaka alikitikisa kitabu, bahasha ikaanguka. Alishughulika na bahasha, kitabu hakukitazama."

Alikuwa akisema kwa sauti ile ile ya Jumatatu, ya mtu anayeeleza namna ya kupika kitu.

"Palepale nikakumbuka. Kabla ya hapo, haki ya Mungu, sikuwa na habari, ningekula kiapo. Baba alikuwa kazini, kaka shuleni. Akaja mtu na baiskeli. Nilimpenda yule sungura, mama, nilimpenda! Halafu yule bwana akatoa mkasi akamkata sikio, nikaangua kilio. Akasema nyamaza, sungura haumwi, hebu andika jina lako hapa nione kama unajua. Nilijua herufi tatu. Alipoondoka nikamficha kitabuni, wasije wakamkata na la pili."

"Ulijua tangu Jumatatu," nikasema.

"Nilijua. Sikujua tu kama na wewe utajua. Ulipoandika uchakavu, nikajua umejua."

Nilikwenda kabatini. Nilitoa daftari la tatu, nikalifungua mbele yake juu ya kitambaa cheusi. Hakuligusa. Alizitazama zile herufi tatu muda mrefu, akatabasamu kidogo kwa ile iliyogeuka, kisha tabasamu likamwisha.

"Hii alama nyekundu ni yangu," nikamwambia. "Nilikuwa karani wao. Mtoto hakutakiwa kupewa barua. Nilitakiwa nimrudishe tarishi kesho yake aje aulize wakubwa. Niliona ni mwandiko wa mtoto, nikatia vema. Nisamehe, mdogo wangu."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, na ningemshukuru.

"Basi tulikuwa wawili," alisema.

"Nikuandikie kingine? Kinachosema kweli yote? Na jina langu nitalitia humo humo, kaka yako ajue uzembe ulikuwa wa nani."

Alitikisa kichwa. "Kaka atasema mtoto wa miaka saba hana hatia. Ni mtu wa mahakama, atalisema vizuri kabisa. Halafu kila nikimtilia chai atakuwa ananitazama. Acha hiki hiki, mama. Hiki kinamtosha kila mtu."

"Na wewe?"

Alikuwa amerudi kwenye daftari, anafuata mstari kwa kidole bila kuugusa, kutoka kwenye jina lake hadi kwenye safu ya tarehe. Nikaona anachokitafuta, nikataka kulifunga, ila mikono ilikataa.

"Ilikaa njiani siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu?"

"Spoku alikuwa hodari."

Alihesabu. Alihesabu kwa vidole, polepole, kama wahesabuvyo watu wa jikoni, kutoka mbili hadi kumi na tisa, na alipomaliza vidole vya mikono yote miwili akaanza upya na vya mkono wa kulia.

"Kumbe tungewahi," alisema.

Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja, na kwa cheti. Nilitafuta uongo wa pili, hata mdogo, sikuupata.

"Ndiyo, mdogo wangu," nikasema. "Mngewahi."